Mgeni Aliyeshika Nguzo

Kama una kiu, kanywe kwanza ndipo urudi ukae. Hii si habari ya kusikilizwa na mtu mwenye koo kavu, na mimi sitakatisha maneno katikati eti nikungoje ukatafute kata.

Ilianza na nepi. Zarnaz, mkwe wa Lalbakhsh, alikuwa amefua vitambaa sita vya mtoto wake kwa maji yaliyoletwa na boza, lori la tangi, maji ambayo tayari yalikuwa yameoshea mchele na nyuso za watu wanne, maana kijijini kwetu Zardap siku hizo hakuna mwenye akili timamu aliyemwaga maji. Akavikamua, akavitupia begani, akatoka kwenda kwenye kamba. Kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ni hatua kumi na mbili. Alipofika, vilikuwa vikavu. Vikavu kabisa, vimekakamaa kama mkate wa juzi, na pale begani gauni lake halikuwa na hata doa la unyevu.

"Mama," akamwita mama mkwe wake, "jua la leo lina nini?"

Durbibi alikuwa amekaa kizingitini anachambua dengu. "Jua ni lile lile la jana. Wewe kila siku unalalamika nguo hazikauki haraka, leo zimekauka unalalamika. Ukipewa pepo utauliza mlango uko wapi."

Wakacheka. Na mimi jirani yao, niliyekuwa upande wa pili wa ukuta natandaza samaki wa chumvi, nilicheka pia. Mungu anisamehe.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, usije ukapotea. Lalbakhsh alikuwa mtu wa ukoo uliotunza Kisima Kitamu tangu enzi za mababu. Pwani yetu nzima ukichimba unapata chumvi, isipokuwa pale. Na kila mtu alijua kisima kile kina mwenyewe. Ukiteremsha ndoo alfajiri unasalimia kwanza, na watoto tuliwazoeza hivyo kabla hawajajua kuhesabu. Nyumba yao ilikuwa na sifa nyingine pia: babu yake Lalbakhsh aliwahi kumpokea mtu aliyekimbia kisasi, mtu aliyekuja akashika nguzo ya mlango na kuomba hifadhi. Babu alipokufa wanawe walimlinda mtu yule miaka arobaini, mpaka akazeeka, akafa kitandani kwake. Ndivyo tulivyo Wabulushi. Mwenyeji akifa, mgeni anarithiwa pamoja na mitende.

Kisha ikaja hoteli. Vyumba tisini, mabwawa mawili ya kuogelea, na majani. Majani ya kijani, jamani, kwenye pwani ambayo mbuzi wanakula maboksi! Wenye mradi walichimba sehemu tatu wakapata maji ya chumvi matupu. Walikuwa karibu kufunga virago. Ni Lalbakhsh aliyewashika mkono, akawapeleka hatua thelathini kutoka Kisima Kitamu, akachomeka fimbo yake ardhini, akasema, "Hapa." Akapewa sare ya ulinzi, na binti yake Sazin, mwenye miaka kumi na tisa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akapewa kazi ya mapokezi.

Watu walimchana. "Lalbakhsh, umemuuza mama yako aliyekunyonyesha!"

"Mama mwenyewe mlimkamua bure miaka mia," akajibu, "leo amepata mtu wa kumjali mnaona wivu."

Mashine ya hoteli ilinguruma siku arobaini usiku na mchana. Siku ya arobaini na moja tuliteremsha ndoo kisimani ikagonga jiwe. Tangu hapo ni boza mara mbili kwa wiki, na foleni ya madumu, na kupigana ngumi na watu uliokula nao Idi.

Siku ya tatu baada ya kisima kukauka, Durbibi alikuwa jikoni peke yake. Ilikuwa jua la utosi, saa ambayo Zardap nzima imelala na hata mbwa habweki. Akasikia mtu anapumua nyuma yake. Akageuka. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, amejitanda shela jeusi hadi puani, mkono wake wa kulia umeikumbatia nguzo ya mlango. Ngozi ya mkono ule ilikuwa imepasukapasuka kama tope lililokaukia juani.

"Nimefukuzwa kwangu, mama," yule mwanamke akasema, taratibu. "Nyumba yangu wameiharibu. Sina pa kwenda. Nimeshika nguzo yako."

Hapo kwetu hakuna maswali. Humuulizi jina, humuulizi kosa, mpaka siku tatu zipite. Ukimrudisha, wajukuu wako watakuja kuchekwa sokoni. Durbibi alijibu kama alivyofundishwa na mama yake: "Uko kwetu. Adui yako ni adui yetu, na maji yetu ni maji yako." Akachota bakuli moja, akampa. Mgeni akanywa. Bakuli liliporudi mkononi mwa Durbibi lilikuwa na vumbi ndani.

Akainama kumchukulia mkeka. Alipoinuka hapakuwa na mtu. Akatoka nje, mchangani hamna unyayo. Kilichobaki ni harufu tu, harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na mvua ilikuwa na mwaka wa pili haijatutembelea. Na Durbibi, masikini, alifurahi. Alidhani amemnywesha malaika. Jioni akamsimulia mumewe, na Lalbakhsh akapandisha kifua: "Nyumba ya baba yangu haijawahi kumrudisha mtu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu alikuja mwenyeji akauke.

Baada ya nepi ukafuata mtungi. Wanaujaza jioni, wanaufunika, wanaweka jiwe juu. Asubuhi jiwe liko pale pale na mtungi umejaa vumbi laini hadi kiwiko. Durbibi alinijia juu mbele ya watu: "Wewe mwizi wa maji, ulizaliwa bila haya au uliziuza?" Nami nikamjibu tusi ambalo sitalirudia hapa kwa sababu aliyekusudiwa ameshateseka vya kutosha. Tukanuniana siku nne. Siku ya tano mbuzi wao watatu walikauka chuchu kwa asubuhi moja, na hapo hata mimi nikaacha kununa, maana mwizi gani huyo anayemkamua mbuzi bila mbuzi kulia?

Kisha sauti. Niliisikia mwenyewe kupitia ukuta, mchana, watu wamelala: gwa, gwa, gwa, mtu anayekunywa kwa pupa, anapumzika, anaendelea. Na kila inaposikika, ile harufu ya mvua inapanda. Watoto wa mtaa walikuwa wanakimbia kuja kuinusa wakitazama juu, wakitafuta wingu.

Halafu zamu ikamfikia mtoto. Aliitwa Shahdost, miezi minne, mjukuu pekee, na baba yake alikuwa kibaruani Maskati hajamtia machoni. Kwanza alilia bila machozi. Ukitazama utaona uso umekunjamana, mdomo uko wazi, sauti inatoka, lakini machoni pakavu. Kisha nepi zikaacha kulowa. Ngozi ya tumboni ukiivuta kwa vidole viwili inabaki imesimama. Durbibi, ambaye alikuwa hamweki chini mjukuu wake tangu asubuhi hadi usiku, alianza naye kukauka. Macho yake yalikuwa yanakwaruza akipepesa, tunasikia.

Wakampeleka mtoto zahanati. Daktari, kijana mpole, akamtundikia dripu, akageuka kuandika, na alipogeuka tena mfuko ulikuwa umekunjamana mtupu. Akadhani umepasuka. Akatundika wa pili, safari hii akausimamia, na akayaona maji kwa macho yake yakishuka tone, kisha matone, kisha mstari mmoja usiokatika, yakiingia katika mkono ule mdogo kama kidole cha mtu mzima, na mkono haukuvimba, na midomo ya mtoto ikabaki na nyufa zile zile. Daktari akarudi nyuma hatua mbili.

"Mpelekeni mjini," akanong'ona.

"Mjini maji ni mengi?" Zarnaz akamuuliza.

Daktari akawafungulia mlango.

Siku ya pili yake mchana, na hili Zarnaz alinisimulia mwenyewe ameshika mkono wangu mpaka kucha zikaniingia, alikuwa amejilaza ubavu kwenye mkeka, mtoto amemlaza upande wa kushoto ili ajaribu kunyonya ingawa maziwa yalikuwa yamebaki kidogo sana, usingizi umemchukua nusu, na katika nusu ile akasikia anavutwa ziwa la kulia, taratibu, kwa adabu kabisa, na pumzi inayompiga kifuani ilikuwa baridi kama ile inayotoka ukiinama juu ya kisima, naye akajiambia usifungue macho, usifungue macho, na akayafungua, na hakuona kitu, ila aliona chuchu yake ikivutika peke yake kuelekea hewani na gauni limebonyea pale ambapo shavu la mtu lingelala.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, bila kusogea. "Mama, njoo. Njoo polepole. Kuna mtu."

Durbibi akaja, akasimama, akanusa mvua. Hapo ndipo alipokumbuka bakuli. Akakaa chini.

Lalbakhsh akamleta Mai Jamalo, mganga wa ngoma, bibi mweusi mfupi ambaye mababu zake waliletwa pwani yetu na majahazi kutoka ng'ambo, na ambaye hata watu waliomcheka mchana walimwita usiku. Akaja alasiri na ngoma yake mgongoni, akafukiza ubani, akapiga. Hakupiga sana. Kichwa cha Durbibi kikaanza kutikisika, na mdomo wake ukatoa sauti iliyokauka.

"Nani wewe?" Mai Jamalo akauliza.

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa mdomo huu ninaousemea."

"Unamuua mtoto."

"Nina kiu. Nilikuwa na maji yangu. Niliwapa mkanywa, mkawapa na mbuzi wenu, na ngamia wenu, na sikumfukuza mtu. Nani alichomeka fimbo hatua thelathini kutoka kwangu?"

Lalbakhsh akatazama viatu vya sare yake.

"Sikuja kulipiza kisasi," sauti ikaendelea, na wallahi upole wake ndio ulionitoa jasho. "Nimekuja kujihifadhi. Nikikaa nasikia kiu. Nikisikia kiu nakunywa. Mnataka nifanye nini?"

Mai Jamalo aliiweka ngoma chini. "Mlimkaribisha?" akauliza. "Kwa maneno?"

Durbibi alikuwa amerudiwa na fahamu, amelowa jasho ambalo lilikauka tukimtazama. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mngeniambia mapema nisingebeba hii ngoma kwenye jua lote hili. Aliyeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu. Aliyekaribishwa simtoi, hata mimi nina ndugu na jina la kulinda. Na nikithubutu, mtakuwa ninyi ndio mmevunja ahadi, na hapo hatakuwa tena na sababu ya kunywa taratibu. Atammaliza huyu mtoto kabla sijafika kwangu."

"Mai," Zarnaz akamshika miguu. "Mai, ninywe mimi. Mwambie aninywe mimi."

"Si mwenyeji wake wewe, mwanangu. Hakusikii. Mwenyeji ni Durbibi, na ndani ya nyumba yake mdogo ndiye anayekauka kwanza."

Kisha Mai Jamalo akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ipo njia moja. Mgeni anaweza kuhama kwa hiari akipokewa kwingine, kwa maneno yale yale, na mtu anayetamka bila kulazimishwa. "Ila sikilizeni vizuri. Mzigo haukai na mwenye paa. Unakaa na mwenye kinywa. Anayetamka ndiye mwenyeji. Na mwenyeji huyo akifa, mnajua mgeni anakwenda wapi."

"Kwa nduguze," Lalbakhsh akasema.

"Ee. Kwa hiyo chagua vizuri."

"Bwana Tabrez ana kaka wanne Karachi." Na Lalbakhsh akacheka. Alicheka, namwona mpaka leo.

"Mtoto ana siku tano," Mai Jamalo akasema akijitwisha ngoma. "Sita akiwa mkaidi."

Tabrez alikuwa meneja wa hoteli, mtu wa mjini, mnene, anayetuita sote 'mjomba' na hajui jina la mmoja wetu. Hoteli ilikuwa inafunguliwa rasmi baada ya siku nne, wakubwa wakubwa wanakuja. Lalbakhsh akamwendea kesho yake, amejinyoosha.

"Bwana, wageni wa siku hiyo wape salamu ya kwetu. Salamu ya heshima kubwa, ya kumpa mtu hifadhi. Watazungumza habari zake mpaka mji mkuu."

"Mjomba, una kipaji wewe!" Tabrez akafurahi. Akaandika maneno kwenye karatasi, na siku tatu zote walinzi walimsikia akiyakariri ofisini: uko kwetu, adui yako ni adui yetu. Aliyatamka vibaya, ulimi unamteleza, lakini aliyatamka.

Sazin hakuambiwa. Alikuwa na wiki ya pili analala vyumba vya wafanyakazi, anafundishwa kazi, na baba yake alisema asiambiwe. Asije akaogopa akaacha kazi. Asije akamdokeza bosi wake. "Mwacheni binti afurahie siku yake," alisema, na sote tukaona ni busara. Hata mimi niliona.

Siku yenyewe ilifika, na Shahdost alikuwa bado anapumua. Pumzi yake ilisikika kama karatasi inasuguliwa. Durbibi akamfunga kifuani na shela, akatembea kwa miguu hadi hotelini jua likiwa utosini, na mimi nilimsindikiza kwa sababu alikuwa anayumba. Sikugeuka nyuma njia nzima. Sitasema nilisikia nini nyuma yetu.

Lalbakhsh alikuwa getini. Akatufungulia. Magari meusi yalikuwa yamepanga foleni, wakubwa wanashuka na wake zao wenye miwani, na pale kibarazani kulikuwa na nguzo nne za mbao za kuchongwa, wenyewe wanaziita za asili. Majani yalikuwa yanamwagiliwa. Maji yalikuwa yanaruka juu hewani, yanaanguka, yanapotea, na Durbibi alisimama akayatazama mdomo wazi kama mtu aliyepigwa.

"Mmenusa?" mke wa mkubwa mmoja akasema. "Kama mvua! Ajabu iliyoje!"

Wote wakanusa, wakafurahi, wakasifia mahali.

Na kwenye nguzo ya kwanza niliona mkono. Vidole vinne kwanza, vyenye nyufa, kisha gumba. Sijui wangapi waliuona. Lalbakhsh aliuona, kwa sababu aliliacha geti wazi akaja hatua tatu mbele.

Tabrez akakohoa, akafungua karatasi yake. Wageni wakanyamaza. Akafungua kinywa, akamwangalia mkubwa wa wakubwa, haya zikamshika, akakunja karatasi. "Waheshimiwa," akasema, "maneno haya yanapendeza yakitoka kwa wenyewe wa hapa. Sazin! Sazin, njoo mbele, wewe una sauti."

Akaja. Walikuwa wamemvika gauni letu la kutarizi, jekundu, na nywele wamemsuka. Kutoka alipokuwa baba yake hadi alipokuwa yeye hazikuzidi hatua kumi na tano. Sauti ya Lalbakhsh, ukitaka kujua, ilikuwa inaita mashua kutoka baharini. Neno moja tu lingetosha. Usiseme. Basi.

Sazin alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona, akatabasamu, kwa sababu alikuwa anajivuna kwamba baba yake anamwona siku hiyo. Lalbakhsh akavuta pumzi. Nilikiona kifua chake kikijaa. Na pale pale kwenye kifua cha Durbibi pumzi ya Shahdost, ile ya karatasi, ikasuguana mara moja, ikanyamaza, ikachelewa kusuguana tena, na mke na mume wakatazamana, na mimi nilikuwa katikati yao nikimtazama huyu na huyu, nikijua kabisa kinachotazamwa, nami mdomo ninao, nao haukufunguka, na ile pumzi aliyoivuta Lalbakhsh akaiachia ikatoka puani bila neno.

"Uko kwetu," Sazin akasema, kwa sauti nzuri. "Adui yako ni adui yetu, na maji yetu ni maji yako."

Wageni walipiga makofi. Mkono ulikuwa haupo tena kwenye nguzo.

Shahdost alilia. Alilia kwa nguvu, machozi yakamchuruzika hadi masikioni, akamkojolea bibi yake gauni zima, na Durbibi akakaa chini palepale kwenye majani ya hoteli, analia na kucheka, anajipaka ule mkojo usoni.

Sazin alikaa siku tisa.

Walimtundikia madripu, walimweka ndani ya bwawa hadi shingoni usiku wageni wakiwa wamelala. Mabwawa hayakupungua hata kidogo. Mgeni hakuwa na haja nayo, alikuwa na mwenyeji wake. Mai Jamalo alipoitwa alituma jibu kwamba anaumwa mguu. Siku ya sita baba yake aliruhusiwa kuingia chumbani.

"Baba," Sazin akamwambia, ulimi wake ukigota mdomoni, "kuna mwanamke amekaa miguuni kwangu. Kila akinywa ananiomba radhi."

"Ni homa, mwanangu."

"Anasema ulimwona pale kwenye nguzo. Anasema ulinyamaza." Akangoja. "Ulimwona, baba?"

"Sikumwona."

"Ahaa," Sazin akasema, akafumba macho. "Basi anadanganya huyu."

Hili Lalbakhsh alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, na hakuniomba nimfariji, nami sikumfariji.

Sazin alikufa Alhamisi mchana. Hoteli ikaleta msibani katoni ishirini za maji ya chupa, pamoja na barua ya pole. Tulimwosha sisi watatu, mimi nikiwa mkubwa wao. Alikuwa mwepesi, nilimwinua peke yangu. Tukafungua chupa, tukammiminia kichwani, na maji yalipomgusa yakaisha. Hayakutiririka, hayakudondoka mezani. Tukamimina chupa ya pili, ya kumi, ya arobaini. Nywele zake zilibaki kavu kwenye vidole vyangu, na mmoja wetu akaanza kutapika pembeni. Mwisho tukamtayamamisha kwa mchanga wa pwani, binti wa ukoo wa kisima, na katoni tupu zimejaa uwanja.

Siku ya tatu ya msiba Lalbakhsh alikaa mlangoni, mgongo wake kwenye nguzo, watu wanapita kumpa mkono. Wengine waliokuwa wamemchana walimbusu kichwani. Ndani Shahdost alikuwa anacheka na vidole vyake, amenona, Mungu amweke. Mchana wageni wakapungua, wengine wakalala kwenye mikeka. Mimi nilikuwa natoa kokwa kwenye tende.

Watoto wa mtaa wakaja mbio. Wakasimama uani, wakainua nyuso juu, wakanusa.

Nikaacha tende. Zarnaz alikuwa ndiyo kwanza ametoka na nepi begani, zinamdondokea maji mgongoni, anaelekea kwenye kamba. Lalbakhsh alimwona akipita. Nikaona midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu. Hatua ya tisa Zarnaz alisita, akaendelea. Alifika kwenye kamba akasimama, ametupa mgongo.

"Zarnaz," Lalbakhsh akaita. Hakugeuza kichwa kutazama nguzo iliyokuwa nyuma yake. "Zimelowa?"

Zarnaz alichukua kitambaa kimoja, akakibandika shavuni. Akakigeuza, akakibandika tena. Kisha akakikunja kwa mikono miwili, nasi sote tukasikia kikivunjika.

"Nani amekufa akaacha mgeni?" ikauliza ile sauti, kwa adabu, kutoka mlangoni.

Lalbakhsh alifungua kinywa, na safari hii hata angetaka kuita mashua, hakuna sauti iliyotoka. Durbibi ndiye aliyeinuka, akajikung'uta vumbi la msiba magotini, akaingia jikoni kutafuta bakuli.